Pikapu Iliyolambwa

Mzee Mwandu wa Mwamapalala hakuitelekeza pikapu yake. Hilo alimwambia kila aliyepita nyuma ya zizi akacheka. Aliikandika.

Injini ilipokufa, miaka kumi na moja iliyopita, fundi aliichukua kwenda kuitengeneza na wote wawili hawakuonekana tena. Bodi ikabaki chini ya mgunga. Mtu mmoja mnadani akamwambia Mwandu kwamba jua linakula rangi. Mwandu akaliwaza jambo hilo siku mbili, kisha akafanya kama baba yake alivyolifanyia ghala la mtama: akachanganya mavi ya ng'ombe, udongo wa kichuguu na majivu, akaikandika pikapu kuanzia juu hadi kwenye matairi. Kioo cha mbele tu ndicho alichokiacha, isije ikadhani imezikwa. Na kila mwaka, kabla ya mvua, akaongeza tabaka. Sasa ilikuwa kichuguu chenye usukani.

Halafu Mayala, mwanawe wa kwanza, akataka kumuoa Anna, binti wa Mzee Ngassa wa Migato. Ukame ulikuwa umepunguza zizi, ng'ombe wa mahari hawakutimia. Wazee walipokaa kutafuta njia, Ngassa alisema neno lililowafanya wamuulize mara mbili.

"Ng'ombe waliobaki, muwaache. Nipeni ile gari."

"Haina injini, baba," akasema Mwandu, maana hakuwa mwongo.

"Injini ninayo mimi."

Na kweli alikuwa nayo. Ilikaa sebuleni kwake, juu ya meza, imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, na wageni waliweka vikombe vya chai hapo. Aliinunua zamani akiamini bodi itakuja baadaye.

"Ila rangi iwe ya kuzaliwa nayo," akaongeza. "Nikikuta imepakwa, siichukui, na Anna anabaki kwangu."

Watu walijua sababu. Ngassa aliwahi kununua fahali mweusi tii, na mvua ya kwanza ilipomnyeshea, fahali akawa wa kijivu mwenye upele, na maji meusi yakamtiririkia Ngassa hadi kwenye viatu. Tangu siku hiyo hanunui kitu bila kulowesha kidole na kukisugua. Husugua ng'ombe, husugua viti, na inasemwa alimsugua hata mchungaji mgeni.

Ukaguzi ukapangwa Jumamosi. Jumatatu, Mayala akampigia simu dada yake.

Nyanjige alikuwa Bariadi, akiosha magari kwa Jabiri. Alimaliza darasa la saba tu, lakini kwa miaka minne alikuwa ameangalia magari yakisuguliwa, na alikuwa mtu wa kuangalia kweli. Mwingine angeona tope, yeye aliona tope lilikotoka.

"Nyanjige," sauti ya Mayala ilikuwa imelowa, "wasipoichukua nitakufa."

"Hutakufa. Mara ya mwisho ulisema hivyohivyo ukanenepa."

"Mara ya mwisho sikumpenda. Huyu nampenda mpaka ugali haupiti."

Hapo Nyanjige akaacha utani. Kaka yake alikuwa mtu wa kulia kwa urahisi, lakini ugali hakuwahi kuusingizia.

Alikwenda kuomba ruhusa. Jabiri alikuwa anakunywa kahawa.

"Unakwenda kumuuguza nani?"

"Gari."

"Linaumwa nini?"

"Limekandikwa mavi ya ng'ombe miaka kumi na moja."

Jabiri akaweka kikombe chini. "Subhanallah. Kwa kukusudia?" Aliposikia kisa chote akafungua kabati, akampa kopo la dawa ya kusugulia rangi, kopo la nta na vitambaa laini. Msasa wake mzuri hakumpa. "Huo hata mke wangu simpi. Nenda, binti, na usisugue kitu usichokiona."

Alifika nyumbani alasiri.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila. Mhola?" akajibu mama yake, Lukresia, bila kuacha kupepeta.

"Mhola duhu. Baba yuko wapi?"

"Yuko nyuma, anataka kuipiga gari jembe."

Nyanjige alitupa mfuko akakimbia. Alimkuta Mwandu ameinua jembe juu ya boneti, na Mayala amemshika kiuno.

"Baba! Utatoboa bati!"

"Tabaka la chini ni la mwaka wa njaa," akasema Mwandu kwa fahari. "Nililipiga kwa moyo. Halitoki kwa maji."

"Litatoka kwa maji na subira."

"Subira mimi sina, ninayo jembe."

Jembe lilinyang'anywa. Nyanjige aliagiza magunia yote ya pamba yaliyokuwa ghalani, akayalowesha na kuivika pikapu mwili mzima, kama mgonjwa wa homa. Maji yaliletwa na punda kutoka lamboni, na kila pipa lilipopita Lukresia alisema bila kumtazama mtu, "Ng'ombe wana kiu, bati linaoga."

Jumanne asubuhi matabaka yakaanza kubanduka. Yalitoka vipande vipande, na kila kimoja kilitoka na mali yake: kijiko, kandambili ya mguu wa kushoto, na funguo za sanduku ambalo Mwandu alilivunja mwaka wa tatu akidai mke wake ameficha funguo. Lukresia alizishika zile funguo, akazitazama, akamtazama mumewe. Mwandu akakumbuka ana kazi shambani.

Chini ya yote palikuwa na rangi. Lakini ilikuwa rangi iliyolala: nyeupe ya ukungu, kavu kama kisigino. Nyanjige alichagua sehemu ndogo chini ya mlango, akasugua kwa dawa ya Jabiri mpaka mkono ukafa ganzi. Ukungu ulipungua kidogo tu. Alipima kwa macho gari lililobaki, akapima kopo. Kopo lingeishia kwenye mlango mmoja.

Alikaa chini akaangalia. Wakati anaangalia, Pamba akaja.

Pamba alikuwa ng'ombe mweupe, mwenye maziwa kuliko wote zizini na kiburi cha kutosha. Alinusa boneti, akatoa ulimi, akaanza kulamba. Yale majivu ya miaka kumi na moja yalikuwa yameacha chumvi yake kwenye bati, na Pamba aliifuata kama mtu anayesoma barua. Nyanjige aliinuka kumfukuza, akasita. Pale ulimi ulipopita, ukungu ulikuwa umeondoka, na chini yake rangi inang'aa, ya buluu inayokaribia kijani.

Akamkamata Pamba taya, akaushika ulimi wake kwa vidole viwili, akaupapasa. Ule ulikuwa msasa wa Jabiri kabisa, ule wa kabatini, tena wenye maji yake ndani.

"Mayala," akaita, "lete magadi. Na lete ng'ombe wawili zaidi."

Kuanzia Jumatano kazi ikawa na utaratibu. Nyanjige alipaka maji ya magadi sehemu ndogo, akamleta ng'ombe, akahesabu ndimi, kila ulimi unapopita ni mmoja. Zikifika arobaini anamvuta ng'ombe kando, anafuta, anasugua kwa dawa kidogo, anaangalia, kisha anapaka nta. Hakuruhusu hata ulimi wa arobaini na moja. Watu walitoka hata upande wa pili wa lambo kuja kutazama. Mwandu aliweka kiti chake katikati na kutoa maelezo.

"Yule wa kushoto mvivu, analamba pembeni pembeni. Pamba ndiye fundi. Mnaona? Nilisema ni ya buluu."

"Ni ya kijani," akasema Lukresia.

"Mwanamke, hiyo ni buluu."

"Wewe ndiye ulisema mimi nimeficha funguo."

Ijumaa mchana ulibaki mlango wa dereva peke yake, na kopo la nta lilikuwa linakwangulika. Nyanjige alilazimika kwenda lamboni kwa sababu punda alikuwa amegoma. Akamweka Mayala zamu.

"Arobaini. Sikiliza, Mayala. Arobaini, unamtoa."

"Mimi ni mtoto?"

Zilipofika ndimi kumi na mbili, simu ya Mayala ikalia. Alikuwa Anna. Mayala aligeuka aongee vizuri, akasogea mgungani, akauegemea mti, akaanza kuchora udongo kwa kidole cha mguu. Aliongea mpaka salio la Anna likaisha. Alipogeuka, Pamba alikuwa bado anaendelea, pale pale, macho ameyafumba kwa utamu. Rangi ilikuwa imekwisha. Bati lilikuwa linamwangalia Mayala, jeupe, ukubwa wa kiganja.

Mayala hakulia. Ingekuwa afadhali angelia. Alikimbilia nyumbani, akachukua kopo la rangi ya mlango wa jikoni, akapapaka.

Nyanjige aliporudi na ndoo kichwani alisimama mbali. Mlangoni palikuwa na duara la buluu kali, linalotiririka machozi matatu.

"Nimeokoa," akasema Mayala.

Nyanjige alishusha ndoo. Akachukua kitambaa na mafuta ya taa, akaanza kulifuta lile duara kabla halijakauka.

"Unanivunjia ndoa!"

"Ngassa ataweka kidole hapa. Kidole kikitoka cha buluu, utamuoa nani, mlango wa jikoni?"

Bati likabaki tupu. Mwandu na Lukresia wakaja, wakaliangalia wote wanne. Mwandu ndiye aliyekata shauri: yeye atasimama pale. Akajaribu. Akaegemea mlango, mkono juu ya paa, kwapa likatua juu ya lile doa sawasawa. Alifanya mazoezi mpaka jua linazama, akicheka kama mtu asiyejali, huku mkewe akimwambia anaonekana kama mwizi wa gari.

Jumamosi asubuhi Mzee Ngassa alifika na mzee mwenzake mfupi aliyebeba fimbo mbili.

"Mwangaluka!"

"Mwangaluka, baba," akajibu Mwandu kutoka mlangoni, bila kusogea hata hatua moja kumpokea mkwe wake. Ilikuwa aibu, lakini ndiyo mipango.

Ngassa aliikagua pikapu kama ng'ombe. Aliinama kuangalia miguu. Aliigonga mbavu. Alifungua boneti akachungulia kinywani, akapima kwa mikono nafasi ya injini yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akalowesha kidole. Alisugua boneti: kidole kikatoka safi. Alisugua ubavu wa kushoto, nyuma, paa. Safi. Mayala, nyuma ya zizi, alikuwa ameshika nguzo kwa mikono yote miwili.

"Sogea nione mlango," akasema Ngassa.

"Mgongo, baba," akasema Mwandu. "Mgongo wangu umezoea chuma."

"Tangu nifike hujaondoka hapo."

"Ndivyo unavyouma."

Nyanjige alikuwa anamwangalia Ngassa. Aliona kitu ambacho baba yake hakukiona: muda wote mzee yule alipokuwa anasugua, jicho lake moja lilibaki kwenye kwapa la Mwandu. Alikuwa anajua. Alikuwa anasubiri tu kuona watamdanganya mpaka wapi.

"Baba, sogea," akasema.

"Mwanangu, mgongo..."

"Sogea, baba."

Mwandu akasogea. Bati likawaka jua. Yule mzee mfupi akasema, "Ee!"

"Ng'ombe alipalamba," akasema Nyanjige. "Tuliitakatisha kwa ndimi za ng'ombe na magadi. Huyu alizidisha. Kisha pakapakwa rangi ya mlango wa jikoni, nikaifuta jana."

Kutoka nyuma ya zizi ilisikika sauti kama ya ndama anayenyimwa ziwa. Alikuwa Mayala.

"Ng'ombe gani?" akauliza Ngassa.

Pamba aliletwa. Hakuhitaji kuambiwa. Alikwenda moja kwa moja mlangoni, akafumba macho, akaanza. Ngassa akachuchumaa, uso wake na wa Pamba ukawa jirani kabisa, akautazama ulimi ukienda na kurudi. Alitazama muda mrefu mpaka yule mzee mfupi akachoka kusimama. Kisha akamsukuma Pamba kidogo, akalowesha kidole, akasugua ukingo wa lile doa, mara moja, mara ya pili. Akakiinua kidole juu watu wote wakione. Kilikuwa safi.

"Kovu mimi sigombani nalo," akasema. "Mimi mwenyewe ninalo. Ninagombana na kupakwa."

"Kwa hiyo umeichukua?" Mayala alikuwa tayari ameruka ua.

"Nimeichukua. Lakini gari hii imezoea kulambwa. Ikifika Migato, ikapata ukungu tena, nani ataifanya?"

"Nitakuletea magadi gunia zima," akasema Mwandu haraka, maana alikuwa ameanza kuona mambo yanakokwenda.

"Ng'ombe wangu hawajui kazi hii. Huyu ndiye fundi."

"Chukua yule wa kushoto, baba! Yule naye fundi kabisa, anafuata hata kwenye kona."

Ngassa akamtazama yule wa kushoto. "Huyo amelala tangu nifike."

Mwandu alimwangalia Pamba, akamwangalia Mayala aliyekuwa amesimama na mdomo wazi na mikono kifuani. Ugali haukuwa umempita tangu Jumatatu. Shati lilimpwaya kweli.

"Mchukue," akasema Mwandu.

"Mwandu," akasema Lukresia polepole, "tulitoa gari ili tusitoe ng'ombe."

"Najua."

"Nasema tu, usije ukasahau, ukasema ni mimi."

Pikapu ilifungwa minyororo, ikavutwa na maksai wanne kuelekea Migato. Ngassa aliingia, akashika usukani kwa mikono miwili, na mbuzi walipokatiza njia akatoa kichwa dirishani akapiga honi kwa mdomo. Nyuma yake alikuja Mayala akimswaga Pamba, ambaye hakuhitaji kuswagwa; alikuwa amekwishaanza kwenye bamba la nyuma.

Nyanjige alitembea pembeni na kitambaa, akifuta vumbi linaloangukia boneti. Alihesabu ndimi za Pamba kimoyomoyo, thelathini na nane, thelathini na tisa, akageuka kumkumbusha Mayala.

"Acha, binti," akasema Ngassa kutoka dirishani, bila kuondoa macho njiani. "Mwache alambe. Sasa ni yangu."