Kichura cha Watu Wawili

Kuna watu hawajui utani, na kuna Afande. Alikuwa mkufunzi wa kikosi cha uokoaji, wale wanaoingia kwenye majengo yanayowaka wakati wenye akili zao wanatoka. Hakuwa na mashine za mazoezi wala vyuma vya kunyanyua. Alikuwa na uwanja wa kokoto, bomba lililopachikwa juu ya nguzo mbili, na ukuta mfupi karibu na geti.

"Mwili wako ndio mzigo wako," aliwaambia makuruta siku ya kwanza. "Ukikushinda kuubeba wewe, nani atakubebea?"

Hotuba ikaishia hapo, wakaanza kuruka kichura.

Kichura, kwa asiyekijua, ni kuchuchumaa mpaka makalio yaguse visigino, mikono kisogoni, halafu unaruka mbele, unatua umechuchumaa, unaruka tena. Chura mwenyewe hufanya hivyo maisha yake yote, ila chura hana mtu wa kumpulizia filimbi. Mara ya kwanza watu hucheka. Kicheko hicho hakijawahi kufika upande wa pili wa uwanja.

Kijiti hakucheka. Binti huyu alikuwa amekuja kwa mara ya pili, na alijua kinachomsubiri. Jina hilo alipewa kwa wembamba wake, akalizoea. Mwaka uliopita alitolewa bila kosa, kwa sababu Afande alikuwa na sheria yake. Makuruta waligawanywa wawili wawili, wakaitwa mapacha, maana ndani ya moshi hakuna anayetoka peke yake. Fungu la mazoezi lilikuwa moja kwa wawili: mmoja akichelewa, mwenzake anamjazia. Na mmoja akitoka, wote wawili wametoka. Kutoka kwenyewe kulikuwa rahisi mno. Unavua kofia, unaiweka juu ya ule ukuta mfupi, basi. Huulizwi mara mbili, na mwaka huo hurudi tena.

Pacha wake wa mwaka jana alivua kofia asubuhi moja huku bado anatafuna mkate. Kijiti naye akafungasha virago. Mwaka huu ulikuwa wa mwisho kwake. Mwakani umri ungekuwa umeshamtupa nje.

Shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea tangu utotoni, alimsindikiza mpaka mlangoni na futi yake ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Nenda. Lakini mwili si gauni. Ukichanika, mimi sikushonei. Na ukiumwa, sema. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Kule watu hawaumwi, shangazi."

"Basi kule wameshakufa," alisema shangazi, akarudi kwenye cherehani yake.

Safari hii pacha wake alikuwa kijana wa mabega mapana aliyeacha randa na msumeno ili aje kuteseka. Wakamwita Seremala. Alimwita Kijiti "dada" kwa sababu Kijiti alimzidi umri, na kwa sababu kwao alifundishwa adabu. Kwenye bomba Kijiti alikuwa hatari: mwepesi, anajivuta juu mpaka kidevu kinapita, anashuka, anapanda tena. Kichura ndicho kilikuwa adui yake. Miguu mirefu, magoti yanagoma.

"Dada, wewe ning'inia, mimi nitaruka," Seremala alimwambia.

Wakakubaliana hivyo. Biashara ilionekana nzuri. Tatizo ni kwamba bomba lilikuja siku mojamoja, na kichura kilikuja kila siku, asubuhi na jioni.

Kulikuwa na jambo jingine. Afande alikuwa akipita kati ya watu wanaohema, anainama, anauliza: "Upo?" Jibu lilikuwa moja: "Nipo, Afande!" Umetapika, nipo. Umechubuka viganja, nipo. Kuna kuruta aliwahi kuitikia "Nipo" akiwa kifudifudi, fahamu nusu, mdomo umejaa kokoto. Afande alimsifu wiki nzima.

Siku moja kabla ya mtihani wa mwisho, baada ya kichura cha asubuhi, Seremala alishindwa kukaa kwenye benchi. Alijishusha kwa mikono, polepole, kama anayeteremsha kabati. Mapaja yalikuwa yamevimba mpaka suruali imembana. Baadaye Kijiti alimkuta nyuma ya bweni, kwenye mtaro, anamwaga maji ya ndoo harakaharaka. Alichelewa kidogo. Kijiti alishaona. Mkojo ulikuwa mweusi, rangi ya chai kavu iliyosahauliwa jikoni.

"Hiyo nini?"

"Dada, geuka bwana! Huoni hata haya?"

"Nimekuuliza, hiyo nini?"

"Sijanywa maji ya kutosha. Kesho tu, dada. Kesho tunamaliza, halafu nitalala mpaka nichoke kulala."

"Imeanza lini?"

"Juzi."

Juzi magoti ya Kijiti yalikataa kabisa, na Seremala alimjazia karibu fungu zima. Hapakuhitajika mwalimu wa hesabu. Miguu ile ilikuwa imeharibikia kwenye vichura vyake yeye. Kijiti aliona aibu kali, na kusema kweli, alitamani asingepita nyuma ya bweni.

"Ukisema, tunatoka wote," Seremala alisema. "Wewe itakuwa mara ya pili. Jikaze kisabuni, dada. Mbona mimi najikaza?"

Kijiti alikwenda hivyo hivyo. Alimkuta Afande uwanjani kabla ya zoezi la jioni, akamweleza: mapaja, mkojo, tangu juzi. Afande alimsikiliza mpaka mwisho, maana hakuwa mtu mbaya. Kisha akageuka.

"Seremala! Upo?"

"Nipo, Afande!" Mabati ya bweni yalitikisika.

"Umesikia," Afande akamwambia Kijiti. "Mtu akisema yupo, yupo. Rudi mstarini."

Aliamini kabisa alichosema. Ameingia motoni na watu waliojibu hivyo, akatoka nao wazima. Haikumpitia akilini hata siku moja kwamba amewafundisha watu neno moja tu, halafu anawauliza ili awasikie wakilisema.

Filimbi ikalia. Kichura, kwenda na kurudi. Seremala alichuchumaa, jasho linamchuruzika, uso mkavu, hausemi kitu. Pembeni yake Kijiti naye alichuchumaa. Kesho haikuwa mbali. Kesho ingefika tu, na yeye angevaa ile sare aliyoitaka tangu akiwa binti wa kushonewa sketi za shule. Watu wamevumilia makubwa zaidi. Seremala akaruka, akatua, goti likatetemeka, akajiandaa kuruka tena.

Kijiti akasimama. Akatembea mpaka kwenye ukuta mfupi, akavua kofia, akaiweka.

Afande akashusha filimbi, akamfuata.

"Unaumwa?" Afande aliuliza.

"Hapana, Afande."

"Umeshindwa?"

"Hapana."

"Sasa nini?"

"Kofia iko ukutani, Afande. Sisi tumetoka."

Sheria ni sheria, hata kwa aliyeitunga. Afande akanyoosha mkono kuelekea getini.

Nje, Seremala alimwaga yote. "Mwoga mkubwa we! Siku moja! Siku moja ikakushinda! Mimi nimekurukia muda wote huu, na wewe siku moja tu hukuweza!"

"Tukana huku unatembea," Kijiti alisema. "Hospitali iko kule."

Lakini alipofika kwenye ukingo wa barabara, Seremala hakuweza kushuka ngazi moja iliyokuwa pale. Aliitazama tu. Kijiti akamgeuzia mgongo, akachuchumaa.

"Panda."

"Sipandi."

"Panda, usinichoshe!"

Akapanda. Magoti ya Kijiti yalilia, lakini yaliinuka. Wakavuka barabara hivyo, kijiti kimebeba gogo, na wapita njia wakacheka wakashiba.

Daktari alikuwa mama mmoja asiyependa maneno mengi. "Nyama za mapaja zimeharibika, na uchafu wake unaziba figo. Angeendelea kuruka leo na kesho tena, mngeniletea mtu wa kuwekwa kwenye mashine ya kusafishia damu. Kama mngemleta." Akamtundikia chupa ya maji ya mshipa. Seremala akageukia ukutani, na hakumsemesha Kijiti siku hiyo wala iliyofuata. Kijiti aliendelea kuja. Alimletea uji, akaondoka na bakuli, akarudi.

Mtihani ulipokwisha, Afande alikuja wodini na mabegi yao mawili. Alisimama mlangoni, kifua mbele, hajui pa kuweka macho. Akashika alichokizoea.

"Seremala, upo?"

"Nipo, A..."

Seremala alimtazama Kijiti, aliyekuwa anakunja shuka miguuni pa kitanda bila kuinua kichwa.

"Sipo, Afande," alisema, taratibu. "Mapaja yanawaka moto. Sijui figo zitapona au la. Naogopa. Naogopa sana. Na huyu dada nimemtukana bure."

Afande aliweka mabegi chini, akavuta stuli, akakaa.

"Imeanza lini?" aliuliza.

Seremala akamweleza. Ilichukua muda, na Afande hakumkatiza. Alipomaliza, Afande alimgeukia Kijiti.

"Na wewe?"

Kijiti alifungua mdomo aseme lile neno, likagoma kutoka.

"Mimi nilikitaka kile kikosi, Afande," alisema. "Nilikitaka kuliko kitu chochote, na sasa basi tena." Akakaa pembeni ya kitanda na shuka mapajani, akalia kwa sauti, kamasi na machozi, mbele ya wagonjwa wote.

Afande hakumwambia ajikaze.