Mchuzi wa Jumatano

“Bodil, hivi wewe una funguo za kwa Vagn?”

Tove aliniuliza hivyo juu ya ua wa miti unaotenganisha bustani zetu, mkasi mkononi, macho kwenye matawi kana kwamba swali lilikuwa la matawi. Ilikuwa Aprili. Tumekuwa majirani hapa Faaborg, mji wetu mdogo wa bandari, miaka thelathini na moja, na najua kwamba Tove akikuuliza jambo bila kukutazama, jambo hilo limemkosesha usingizi.

“Sina funguo,” nikamjibu. “Hunifungulia.”

Ilikuwa kweli, na kweli hiyo ikaharibu zaidi.

“Aha! Anakufungulia.” Akakata tawi ambalo halikuwa na kosa lolote. “Saa nne asubuhi, mlango wa nyuma, siku nne kwa wiki. Na wateja wanaingia saa sita. Haya, shoga. Mimi nimeuliza tu.”

Ningeweza kumwambia kwamba naenda kumenya viazi. Lakini Jumapili mimi hukaa benchi la tatu kanisani, na siwezi kukaa pale nikiimba kwa mdomo uliosema uongo. Na kweli yenyewe sikuwa na ruhusa ya kuisema, maana nilikuwa nimempa Vagn mkono wa ahadi. Basi nikasimama na ndoo yangu, nikanyamaza, na Tove akaelewa alivyoelewa.

Mkahawa wa Vagn unaitwa Jiko la Lis, jina la marehemu mkewe. Unashuka ngazi nne kutoka barabarani. Meza ni tisa, na kila meza ina mshumaa hata mchana wa jua kali. Anapika kababu za nguruwe na kabichi nyekundu, au viazi vya kuponda vilivyofunikwa vitunguu vya kukaanga, na Jumatano ni nyama ya tumbo la nguruwe iliyokaangwa mpaka ikakauka, pamoja na viazi vya kuchemsha na mchuzi mweupe wa maziwa na majani ya kiungo. Unaongezewa mpaka useme basi. Tangu mume wangu Svend Aage afariki nimekula pale kila Jumatano, kwa sababu kukaanga nyama ile kwa ajili ya mtu mmoja ni kuijaza nyumba moshi bure.

Tove naye huja Jumatano. Jumanne hutengeneza nywele. Hubandika pambo la bluu kifuani na kuchagua meza iliyo karibu na dirisha la jikoni, na akimaliza husema kwa sauti, “Asante kwa chakula, Vagn! Mchuzi ni ule ule wa Lis.” Ni miaka saba sasa. Mambo ya nywele na pambo sikuwahi kumwambia mtu kwamba nimeyaona.

Shida ilianza Februari. Jumatano moja mchuzi ulikuwa na chumvi mpaka midomo ikawasha. Mzee Holger, aliyekuwa akiendesha kivuko, akapaza sauti: “Vagn! Leo umepikia maji ya bandarini?” Watu wakacheka, Vagn naye akacheka. Lakini mimi nilikuwa nimekaa mahali ninapoona jikoni. Alichovya kijiko, akaonja, akameza, na uso wake ukabaki kama wa mtu anayesoma barua kwa lugha asiyoijua. Kisha akachukua chumvi, akaongeza.

Kesho yake nikaenda kugonga mlango wa nyuma.

“Vagn, jana ulionja mchuzi?”

“Nilionja.”

“Ukaonaje?”

Akakaa juu ya gunia la viazi, mtu mzima wa miaka sitini na nane na aproni yake, akatazama mikono yake. Tangu yale mafua ya Januari, akasema, hasikii ladha wala harufu. Kahawa ni maji ya moto. Nyama ikiungua, anajua kwa macho tu. Daktari amemwambia huenda itarudi, huenda isirudi.

“Wakijua, nimekwisha,” akasema. “Nani atakuja kula kwa mpishi asiyeonja? Watakuja mara mbili kwa huruma. Halafu nitafunga, nipande juu nikae chumbani kutazama ukuta. Nisipokuwa na jiko hili, Bodil, mimi sina Lis wala sina kitu. Nipe mkono kwamba husemi.”

Nikampa mkono. Usiku nilimwomba Mungu, nikamwambia: hapa sijadanganya mtu, nimeombwa kunyamaza tu. Nililala vizuri.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa ulimi wa Vagn. Jumatano mpaka Jumamosi, saa nne, ananifungulia. Alinitengea kijiko cha mpini mwembamba, kikawa kinaning'inia kwenye msumari kando ya jiko, na hakuna mwingine aliyekigusa.

“Chumvi?”

“Bado.”

“Sasa?”

“Inakuja. Ongeza chembe. Basi, basi!”

“Kungumanga?”

“Umezidisha. Lis hakuwa na mkono mzito hivyo.”

“Unajua sana mkono wa Lis.”

“Nimeula miaka ishirini, kwa nini nisiujue?”

Kisha akaanza kuniomba jambo jingine. “Niambie iko vipi.”

“Nzuri.”

“Nzuri! Hata sabuni ni nzuri. Niambie iko vipi, bibi wewe.”

Shule yangu ilikuwa miaka saba ya kijijini, na maneno mengi sikupewa. Nikakaa na kijiko mdomoni, nikatafuta.

“Iko kama kuingia jikoni na theluji kwenye viatu,” nikasema, “na mama yako ameshachemsha maziwa, na hajakugombeza bado.”

Vagn alifumba macho, mwiko mkononi. “Hajanigombeza bado,” akasema polepole. “Ndiyo. Ndiyo hiyo.”

Kuanzia hapo nikawa natafuta maneno ya kesho nikiwa nyumbani, nikifua, nikipalilia. Siku moja nilijifunga kitambaa kipya shingoni kabla ya kutoka. Nikakivua mbele ya kioo. Siku ya pili nikakifunga tena.

Baada ya swali lile la Aprili, Tove aliacha kuja kunywa kahawa kwangu Ijumaa. Tukikutana kwa mwoka mikate alisema “habari” kama anavyomwambia mtu wa posta. Jumatano alikuja kula bila pambo la bluu, akakaa meza ya mlangoni, akaondoka bila kusema asante kwa chakula. Vagn akaniuliza, “Tove anaumwa?” Nikasema sijui. Huo ndio uongo pekee niliousema, na niliutubu.

Sasa, mimi sina mlingoti wa bendera. Tove anao, mweupe, katikati ya bustani. Na kila mwaka, tarehe tisa Mei, siku niliyozaliwa, Tove hupandisha bendera yake kwa ajili yangu. Tangu Svend Aage aondoke hakukosa hata mara moja. Naamka, nafungua pazia, naona nyekundu na nyeupe juu ya ua, nami najua kwamba yupo mtu anayejua kwamba nipo.

Mwaka huu nilifungua pazia, mlingoti ulikuwa mtupu. Upepo ulikuwa ukiipigapiga kamba kwenye mti wake. Nilikaa na kahawa yangu mpaka ikapoa, nikingoja, nikijiambia labda amechelewa kuamka. Saa tatu nikamwona Tove anatoka kutandaza nguo, akapita chini ya mlingoti ule, hakuinua kichwa.

Nikavaa koti nikaenda kwa Vagn.

“Niruhusu nifungue mdomo,” nikamwambia, hata kabla ya kugusa kijiko. “Au mwambie Tove mwenyewe.”

“Tove? Kwa nini Tove?”

“Kwa sababu nampoteza.”

Akamenya kiazi kizima. “Kila Jumatano alikuwa akiniambia mchuzi ni ule ule wa Lis,” akasema. “Ataona nimemfanya mjinga.”

“Ataona mtu mwenye shida. Vagn, na jambo jingine. Mimi hula nikashiba nikaenda zangu. Tove anajua kupika. Anasikia vitu kwenye sufuria ambavyo mimi sivisikii.”

“Unaniacha, Bodil?”

“Nakula kwako Jumatano. Nitakuachaje?”

Akamenya kiazi cha pili. Kisha akasema, “Mlete.”

Nilimgongea Tove. Alifungua akiwa na rola za nywele kichwani chini ya kitambaa.

“Vaa koti,” nikasema.

“Kwenda wapi?”

“Kwa Vagn.”

“Kufanya nini, kunionyesha pete?”

“Tove, vaa koti.”

“Na rola hizi? Umerukwa na akili, mama?”

“Na rola hizo.”

Alikuja. Nadhani aliletwa na hasira. Tulitembea mtaa mzima, yeye hatua mbili mbele yangu, kama mtu anayekwenda kudai haki yake. Vagn alikuwa ameacha mlango wa nyuma wazi. Alisimama mbele ya sufuria ya mchuzi, amevua kofia ya upishi, ameishika kwa mikono miwili kama tunavyoshika kofia makaburini.

“Tove,” akasema, “sisikii ladha. Wala harufu. Tangu Januari.”

Tove akamtazama yeye, akanitazama mimi, akatazama sufuria.

“Jumatano zote hizo?”

“Bodil ndiye aliyekuwa akionja. Alinipa mkono kwamba hatasema.”

Nilimwona Tove akirudi nyuma akilini, siku moja baada ya nyingine, mpaka kwenye ua na mkasi, na kutoka pale mpaka kwenye mlingoti. Hakuniomba radhi na mimi sikutaka aniombe. Alinyoosha mkono ukutani, akachukua kijiko cha mpini mwembamba kutoka kwenye msumari, akachovya, akaonja.

“Chumvi imetosha,” akasema. “Lakini unga haujaiva. Acha motoni dakika tano zaidi, koroga, usiondoke hapo.”

Vagn akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia miezi yote ile. “Miaka yote Lis alikuwa akinigombeza kwa unga huo huo!” Akapunguza moto, akashika mwiko. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, “Niambie, Tove. Iko vipi?”

Tove alinigeukia, rola zimemtoka nje ya kitambaa, akiomba msaada kwa macho. Maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyatayarisha usiku uliotangulia, ya siku hiyo hasa. Nikatazama viazi, nikamwachia atafute yake.

“Iko kama...” Tove akaanza, akafumba macho. “Ngoja. Usiniharakishe. Iko kama...”

Vagn alikuwa ameinama kidogo kumwelekea, anangoja, mwiko unazunguka polepole. Nilichukua koti langu kwenye ndoano kando ya mlango, nikafunga vifungo vyote, nikatoka.