Vigurudumu vya Kiti cha Mwalimu

Tangu kiharusi kimpooze Mwalimu upande wa kulia, mkewe alikuwa akimpeleka bafuni kwa kiti chake cha ofisini, kile alichoagwa nacho alipostaafu. Vigurudumu vyake vitano vilikuwa vimelika, na kimoja kiligoma kabisa kuzunguka. Jumanne asubuhi kikanasa kizingitini, kiti kikainama, Mwalimu akaponea chupuchupu kwa kung'ang'ania mlango.

Wifi aliyekuja kuwajulia hali akasema kiti hicho dawa yake ni jalala; kitafutwe cha wagonjwa. Mwalimu, ambaye siku hizi maneno yalimtoka kwa taabu, alitoa moja tu.

"Sitaki."

"Kaka yako kashasema," mke akamwambia wifi. "Nisaidie kukipindua."

Wakakipindua miguu juu. Vigurudumu vinne viling'oka kwa bisibisi. Cha tano kilikuwa kimezongwa na nyuzi za cherehani, maana mke alikuwa mshonaji na Mwalimu alizoea kushinda naye chumba cha kushonea. Akazikata kwa wembe, akadondoshea mafuta ya mashine, wakasubiri. Walipokivuta tena kikachomoka ghafla, wifi akakaa sakafuni bila kukusudia. Mwalimu akacheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki.

Mke alikwenda na kimoja dukani kama sampuli. Muuzaji akapima kijiti chake cha chuma, akamshauri achukue vya mpira, kwa kuwa vya plastiki huteleza kwenye vigae. Aliporudi akavipachika, akivigonga kwa kiganja mpaka kila kimoja kikaitika ta! Wakamketisha Mwalimu, kisha mke akaenda jikoni kunawa mafuta.

Akiwa bado na sabuni mikononi, alisikia kitu kikija nyuma yake taratibu. Mwalimu alikuwa akijisukuma kwa mguu wa kushoto. Mke alichotaka ni kupunguziwa uzito wa kusukuma. Kwamba mumewe angeweza kwenda mwenyewe, hilo halikumpitia akilini. Alisogeza ndoo pembeni apite.

Kesho yake, akiwa katikati ya mshono, alimwona anakata kona kuelekea bafuni. Akainuka kumfuata. Alipofika, mlango ulikuwa unafungwa kutokea ndani, mara ya kwanza baada ya miezi tisa.

"Nenda kashone," Mwalimu akasema.

Alisimama pale kidogo, mikono haina kazi. Kisha akarudi kwenye cherehani.