Nyasi Zisizo na Mshono

Mzee alikuwa ameanguka tena kwenye ua wa nyuma. Macho yake yalikuwa yamebakiwa na nuru ya kutenganisha mchana na usiku tu, na miguu aliiburuta, na mawe yaliyosakafiwa pale yalikuwa yamepandana. Binti yake, mshonaji aliyeweka cherehani chumba cha mbele, akaamua kumtandikia nyasi bandia.

Dukani alikuta roli za upana wa mita mbili na za mita nne. Ua wao ulikuwa mita nne kasoro kidogo.

"Za mita mbili utalaza mbili ubavu kwa ubavu, katikati tunaunga kwa gundi," muuzaji alimwambia. "Hii ya nne inafunika ukuta hadi ukuta, kipande kimoja."

"Hiyo gundi haibanduki?"

"Mwanzoni, hapana. Jua likishaichoma, siwezi kukuahidi."

Mshonaji alijua nguo huanza kuachia penye mshono. Akaona akilini ncha ya nyasi imenyanyuka na kidole cha baba kimenasa. Akachukua ya mita nne.

Fundi alipokuja kuitandika alisimama katikati ya ua, mbele ya mwasumini uliopandwa na marehemu mama yake mshonaji.

"Na huu? Zingekuwa roli mbili, maungio yangepita hapa hapa, tukauzungushia tu. Hii lazima niichane toka pembeni mpaka kwenye shina. Utakuwa umerudi kwenye maungio yale yale uliyokimbia."

Kaka yake mshonaji alikuwa amempeleka mzee kliniki ya macho. Mshonaji alijua baba angesema mti uachwe. Ndiyo maana hakutaka kumngoja.

"Ung'oe," alisema, akaingia ndani na kukanyaga cherehani kwa nguvu ili asisikie jembe.

Mzee alizipenda nyasi. Alivua viatu, akatembea ukuta hadi ukuta upande wa mlangoni bila kushika fimbo, akamwombea binti yake heri mpaka binti akaona haya. Lakini baadaye, wakinywa chai, mzee akasema, "Mama, naona pua nayo imeanza kufuata macho."

"Kwa nini, baba?"

"Jioni nakaa pale, sisikii asumini. Au msimu wake umepita?"

"Labda umepita."

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Tangu hapo mzee akawa ananusa kila kitu: sabuni, majani ya chai, kiganja chake mwenyewe. Alifanya mzaha kwamba masikio nayo yakiaga atabaki nguzo ya kuanikia nguo. Mshonaji alicheka naye, kisha akarudi kwenye cherehani na kushona mkono wa kulia begani kushoto. Kila alipojiambia atasema kesho, kesho ilikuja na mdomo ukawa mzito.

Kaka yake, aliyeambiwa na mzee tu kwamba pua haisikii harufu, alipopiga simu kusema amempata daktari wa pua, na mzee akawa ameshafua shati la kwendea, mshonaji alitoka akaketi kwenye nyasi miguuni pa baba.

"Baba, pua yako haina kasoro. Mwasumini niliung'oa. Nilisema labda umepita, nikijua."

Mzee aliinama, akapapasa chini. "Mti ulikuwa wapi?"

Binti akamshika mkono, akampeleka. Pote palikuwa sawa, laini.

"Mti ningekupa," mzee alisema. "Ungeniomba tu. Hata mama yenu angeung'oa kwa mkono wake kama ni ili nisivunjike. Lakini umenisikia nikinusa sabuni kama mwehu, nikijihesabu nakwisha, ukanyamaza."

"Ndiyo, baba."

"Hilo sijui nilifanyeje."

Mshonaji alitamani agombezwe. Mzee aliomba chai.

Tangu siku ile hakuanguka tena, na wageni aliwasifia nyasi na mchaguaji wake. Ila akimwuliza binti yake jambo, kama dawa ni ile ya asubuhi au mvua inakuja, alimsikiliza vizuri, akashukuru, na kaka mtu alipofika, mzee alimwuliza naye lile lile. Mshonaji alilisikia kutoka chumba cha mbele, mguu ukiwa umesimama juu ya kanyagio.