Kitambaa Chekundu cha Zahanati

Mpango ulikuwa mzuri, ukiusikiliza ukiwa umeshiba. Hospitali kuu ya misheni ilikuwa Mwanza mjini, nayo ndiyo yenye daktari wa kupasua. Chini yake kulikuwa na hospitali ndogo, na chini ya hizo zahanati za kandokando ya ziwa, zisizo na daktari wala simu. Motaboti moja ilizizungukia zote kila siku. Zahanati yenye mgonjwa wa kupelekwa mjini ilitundika kitambaa chekundu mlingotini. Isiyotundika, motaboti ilipita. Aliye juu mngoje chini, na Suzana, mkunga wa zahanati ya mwisho, alikuwa hodari wa kungoja.

Wiki ya Uhuru vijana walimwomba ruhusa ya kupamba ufukwe. Suzana alifurahi kama mtoto. Akawapa hata khanga yake nyekundu, wakaitundika juu ya mti mrefu pamoja na nguo za kila rangi.

Asubuhi ya sherehe aliletwa Kashindye, mke wa Ngosha mfuga ng'ombe, akiwa na uchungu tangu juzi. Mtoto alikuwa amekaa kingamo tumboni, hawezi kutoka bila mama kupasuliwa. Suzana akakimbia kutundika kitambaa, kisha akarudi kumshika mkono.

"Motaboti itapita sasa hivi, mdogo wangu. Jikaze."

Ikatokea kweli. Masalu, nahodha wake, aliona ufukwe mzima umewaka rangi. Akapiga honi kwa furaha, akapunga kofia, akashika njia ya mjini.

Ndipo Suzana alipoelewa. Aliingia ziwani mpaka kifuani akipiga kelele, na watu wa ngoma wakamshangilia, wakidhani naye anacheza. Hakuwahi kumchukia mtu kama alivyojichukia wakati ule.

Aliporudi akichuruzika maji, Kashindye aliinua kichwa.

"Dada, nimesikia honi. Wamekuja?"

"Wamekuja," Suzana akasema, maana hakuwa na dawa nyingine.

Ngosha alihangaika kutafuta mtumbwi, lakini wapiga makasia wote walikuwa ngomani, wamelewa. Walipopatikana, Kashindye hakuwa tena wa kusafirishwa.

Kesho yake motaboti ilikuja bila kuitwa, kutoa salamu za sikukuu tu. Masalu aliruka gatini akicheka.

"Uhuru, dada Suzana! Jana mlipendeza sana!"

Suzana alikuwa amesimama mlangoni. Nyuma yake, kitandani, Kashindye alikuwa amelala na mwanawe tumboni, amefunikwa kile kitambaa chekundu.

"Karibu ndani, Masalu," akasema. "Jana tulikuwa tunakuita."