Kidani cha Siti

Siti hakungoja hata mgeni amalize maji aliyomkaribisha. Alikifungua kitambaa palepale barazani, akakitoa kidani, akakiinua juani.

Lulu zilikuwa zimekufa. Zile alizorithi kwa bibi yake kule Kilwa zilikuwa na nuru ya ndani. Ukizitazama unaona kivuli cha uso wako, na wekundu wa mbali kama wa alfajiri. Hizi zilikuwa nyeupe pepepe, kama chokaa ya ukutani.

"Hiki si changu," alisema.

Sekela aliweka kikombe chini. Alikuwa mwanamke wa milima ya Ileje, aliyezoea kumletea Siti maharage na ndizi, na urafiki wao ulianzia hapo hapo barazani. Mwaka ule wa themanini na tatu, msako wa wahujumu uchumi ulipoingia Tunduma, watu walitupa vitenge na sabuni chooni kwa hofu. Zahoro, mume wa Siti, alikuwa na malori, na mwenye malori haaminiwi. Ndipo Siti alipompa Sekela kidani akamfichie.

"Ni hichohicho, Mama Pili. Nimekusafishia tu, kisije kikaonekana kichafu harusini kwa mwanao Pili."

"Umekivusha mpaka hadi Nakonde, ukaniletea cha plastiki! Umeniuza, Sekela!"

Wapita njia walisimama. Sekela alijifunga upya kitenge, akajitwisha tenga lake, akaondoka bila kuaga.

Tangu hapo Siti hakukalika. Akipika, chumvi inazidi. Akilala, anageuka huku na huku hadi Zahoro anahamia mkekani. Asubuhi alivuka mpaka, akazunguka soko la Nakonde akichungulia shingo za wanawake, mpaka mmoja akamfokea kwa Kibemba. Alirudi miguu imejaa vumbi, akakaa, akainuka, akaingia chumbani, akatoka tena.

"Lakini mwenyewe ulinieleza lulu ya kweli inavyojulikana," Zahoro alimwambia alipochoka. "Hizi umezijaribu?"

"Nizijaribu ya nini? Macho sina?"

"Unaogopa nini, basi?"

Neno hilo lilimchoma. Zahoro alipokwenda msikitini, Siti alikichukua kidani. Bibi yake alimfundisha mambo hayo akiwa bado msichana: lulu ya kweli ni nzito kuliko inavyoonekana, ikigusa ngozi huanza kwa ubaridi, kisha hukopa joto lako, haifanani kabisa na nyingine kama zifananavyo za kiwandani, na ukiisugua kwenye jino, inakwaruza kama mchanga laini, ilhali ya bandia inateleza.

Alipima uzito kiganjani. Ulikuwepo. Akapapasa moja moja hadi karibu na kifungo, kidole kikakutana na lulu iliyopinda, yenye kibonyeo kama kitovu, ambayo akiwa mtoto alikuwa akiichezea kila bibi yake alipombeba. Akaisugua kwenye jino. Ilikwaruza. Na kwenye ulimi ikaacha uchachu.

Limau.

Siti alikaa chini sakafuni. Sekela alikuwa akisugua masufuria yake kwa limau na majivu mpaka yanametameta. Alijisifia hilo mara nyingi. Plastiki isingedhurika kwa limau. Lulu ndiyo inayoliwa na uchachu, tabaka kwa tabaka. Kule kufa kwa nuru ndiko kulikothibitisha kwamba rafiki yake hakuiba.

Kesho yake alipanda gari la mizigo la kwenda Ileje hadi lilipoishia, akamalizia mlima kwa miguu, pumzi zikimkatika. Alimkuta Sekela akipepeta ulezi. Mumewe, Boazi, alimpa Siti kigoda, akajiondokea.

"Nimekukosea, mwenzangu. Nisamehe."

Sekela aliendelea kupepeta. "Mgambo walifika mpaka huku. Walipekua hata ghala. Nilikuwa nimekifunga kiunoni, na mimba ya miezi saba. Nilitetemeka mpaka mtoto akacheza tumboni."

"Sikujua."

"Hukuuliza. Ungesema nimekiharibu, Mama Pili, ningekubali. Ningelia na wewe. Wewe ulisema nimeiba, watu wakisikia."

Siti alilia. Sekela aliweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na ugali wa ulezi na mboga. Walikula sahani moja. Siti alipomnyooshea kidani akitazame, Sekela alirudisha mikono nyuma.

"Sikigusi tena hicho."

Harusini Pili alikivaa vilevile kilivyofifia. Sekela alikuja, amevaa kitenge kipya, akakaa na wanawake, akapiga vigelegele kuliko wote. Siti alimshika mkono, naye akauacha ushikwe.

Lakini wiki iliyofuata, Sekela aliyashusha maharage yake kwenye baraza ya jirani, kwa mama mwingine. Akipita alimsalimu Siti kwa heshima, na Siti akaitikia akiwa amesimama mlangoni, hajui aingie au atoke.