Ufa Chini ya Shamba la Mauwa

Mwaka 1978, Kasanda, mtaalamu wa mawe kutoka Kasai, alitumwa Kindu kutafuta maji ya moto ya kuzalishia umeme, maana jenereta ya mji ilikuwa ikikaa wiki nzima bila mazuti, yaani dizeli. Nje ya mtaa wa Alunguli kulikuwa na chemchemi ya moto bondeni. Alitoboa kando yake, upande wa magharibi, mara mbili. Zote mbili mashini ilikuta mwamba baridi.

Mama Mauwa, mjane aliyelima karibu, alimhurumia.

"Baba, mbona unatafuta fasi moja tu? Maji ya moto iko fasi tatu."

Akamwonyesha vijichemchemi viwili juu ya vilima, kimoja kila upande wa bonde. Kasanda akavichora vyote kwenye karatasi.

"Hii njo ufa, mama. Mwamba ulipasuka. Mvua inazama chini sana, inapata moto, inapanda kupitia ufa."

Chemchemi ya bondeni ilikuwa imesogea mashariki kuliko zile za juu. Basi ufa haukusimama wima. Kadiri ulivyoshuka, ulilala kuelekea mashariki. Kasanda alitazama upande huo. Kulikuwa na shamba la mihogo la Mauwa.

"Njo pale utatoboa?" mama akauliza.

"Njo pale."

"Mihogo haijakomaa. Nipe wiki tatu."

Kesho yake mkubwa wake aliamuru kwa redio atoboe mara moja. Kasanda akajibu kwamba mashini imeharibika. Wiki tatu zilipokwisha, yeye na wafanyakazi wake walibeba vikapu vya mihogo hadi nyumbani kwa Mauwa, kisha wakatoboa.

Kwenye mita mia moja na ishirini maji ya moto yaliruka, watu wakashangilia. Kasanda akapima: digrii sabini. Joto hilo halikutosha kwa umeme.

"Mama, umeme haitatoka. Nimeharibu shamba yako bure."

Mauwa alifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Shamba itaota tena. Lakini wewe, baba, watakufanya nini kule ofisini?"

Kasanda hakutegemea swali hilo. Aliandika ripoti yake kwa ukweli, hata uongo wa mashini akaukiri. Akahamishiwa Punia, mji mdogo wa mbali.

Kabla ya kuondoka aliziba kile kisima, akaazima jembe. Siku mbili alipanda mihogo pamoja na Mauwa, suruali yake ya ofisi imejaa tope mpaka magotini.